Umeme Analipa Nani?

(Mhadhara kwa vijana wa klabu ya kompyuta, umeandikwa kama ulivyotolewa)

Shikamooni wakubwa zangu. Na nyinyi wadogo, habari za jioni. Mwenyekiti amenipa dakika 40 na mada ndefu kama treni ya mizigo: maisha ya wachimbaji wa mwanzo wa Bitcoin, ile sarafu ya kwenye kompyuta, na funzo kwa kijana wa leo. Hilo behewa la funzo nimelikata, nimeliacha stesheni. Nitasema juu ya maisha yao. Na Bitcoin ni nini sielezi, maana nikiuliza hapa nani ana programu ya sarafu kwenye simu yake, mikono itapanda ukumbi mzima.

Nianze na feni.

(Kicheko.)

Naona wanaonijua wameshaanza. Ndiyo, feni tena. Mwaka jana nilianza na feni, mwaka juzi vilevile, na mkinialika tena mtaikuta imeshawekwa mezani inawangoja.

Januari 2009. Mtu anayejiita Satoshi Nakamoto ametoa programu yake. Bloku ya kwanza kabisa, yaani ukurasa wa kwanza wa daftari la malipo ya sarafu hii, ni ya tarehe 3. Siku chache baadaye, huko California, mtaalamu mmoja wa maandishi ya siri aitwaye Hal Finney, mtu mzima wa miaka 52, anaipakua na kuiwasha. Wanaoiendesha duniani kote wakati huo ungeweza karibu kuwapakia kwenye bajaji moja. Tarehe 12 Satoshi anamtumia sarafu 10 kwa majaribio, na hayo ndiyo malipo ya kwanza ya Bitcoin kutoka mtu kwenda kwa mtu. Kompyuta ya Finney ni ya kawaida, ya nyumbani, na inachimba. Kila bloku inayoipata inalipwa sarafu mpya 50. Inapata kadhaa ndani ya siku chache.

Halafu bwana Finney anaizima.

Kwa nini? Polisi walikuja? Aliibiwa? Mkewe alimkatalia? Mwenyewe alieleza mwaka 2013: kompyuta ilikuwa inachemka, na kelele za feni zilimkera. Basi! Mtu kazima mgodi wa dhahabu kwa sababu feni inapiga kelele. Alipoandika maneno hayo alikuwa hawezi tena kuongea wala kuinua mkono, ugonjwa wa neva umemfunga mwili, anaandika kwa mtambo unaofuata mwendo wa macho yake, herufi moja moja. Akafariki Agosti 2014. Na katika maandishi yale hakuna kujipiga kifua kwa majuto. Alisema angetamani angeiacha ikaendelea kidogo zaidi, lakini alijiona mwenye bahati kubwa kuwepo pale mwanzo. Ukurasa uliobaki ni habari za ugonjwa, familia, na jinsi bado anavyofurahia kuandika programu.

Sasa mtaniuliza, mjomba, feni ina nini mpaka uing'ang'anie hivyo? Ina kila kitu. Uchimbaji ni mashine kukisia namba. Inakisia, inakosa, inakisia, inakosa, mamilioni ya mara, mpaka ipatikane moja inayokubalika kufungia bloku. Kila kukisia kunakula umeme kidogo, na umeme ule ukishaliwa hauendi mbinguni, unageuka joto. Joto lisipotolewa mashine inakufa. Ndiyo kazi ya feni. Kwa hiyo penye uchimbaji pana joto, pana kelele, na pana bili. Hivyo vitatu havitengani.

Na watu wa mwanzo walilijua hilo kuliko sisi. Oktoba 2009 akatokea mwingine, anajiita New Liberty Standard, anataka kununua na kuuza sarafu hizi kwa dola. Atauza bei gani? Hakuna soko, hakuna aliyewahi kununua, hakuna pa kuulizia. Akafanya hesabu ambayo bibi yangu aliyeuza vitumbua angeifuata bila kalamu: mkaa umekula shilingi ngapi, vitumbua vimetoka vingapi, gawanya.

Twende naye polepole, naipenda hesabu hii. Kompyuta inayofanya kazi kwa nguvu mwaka mzima aliipigia uniti 1,331.5. Uniti hizihizi za LUKU mnazonunua. Wastani wa bei ya uniti moja kwa nyumba za Marekani, senti 11.36. Zidisha, unapata dola 151 na senti 26 kwa mwaka. Gawa kwa miezi 12: dola 12 na senti 60. Halafu akagawa kwa sarafu ambazo kompyuta yake ilitoa ndani ya siku 30. Bei yake ya kwanza, tarehe 5 Oktoba 2009, ikawa sarafu 1,309.03 kwa dola moja. Mkiirudisha hesabu kinyumenyume mtaona kwamba mashine yake ilikuwa imetoa sarafu 16,500 mwezi ule. Bloku 330. Kwa bili ya dola 12 na senti 60!

Mwezi huohuo mwanafunzi wa Finland, Martti Malmi, ambaye alikuwa anamsaidia Satoshi kwenye programu, akamuuzia bwana huyo sarafu 5,050 kwa dola 5 na senti 2. Bado mnaguna? Subirini kidogo, pizza inakuja.

Kabla ya pizza, nina mpwa wangu. Jina simtaji, wengine mnamjua. Mpwa wangu ni mchimbaji. Kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki anafungua simu, anabofya kitufe, kitufe kinazunguka, anaambiwa hongera, umechimba. Miezi 14 sasa. Siku moja nikamwomba simu, nikaishika wakati "inachimba". Ya baridi kama samaki wa kwenye barafu. Nikamwuliza, baba, umeme analipa nani? Akanijibu kwa kunihurumia: mjomba, hii haitumii umeme, hii ni teknolojia mpya. Nikamwambia kitumbua kilichopikwa bila mkaa kinaitwa unga.

Tukaendelea kuzungumza, ikajitokeza kwamba ili achimbe haraka zaidi ametakiwa alete watu 10. Na amewaleta. Mama yake, ambaye ni dada yangu, ni namba tatu. Kumbe mkaa upo! Mkaa ni wale 10. Namba zao za simu, picha za vitambulisho vyao, macho yao kwenye matangazo, na hela ndogondogo wanazodaiwa siku ya "kufungua akaunti".

Najua kuna kijana pale nyuma ana jibu, maana amekuwa akitikisa kichwa tangu nilipotaja feni. Atasema: Ethereum, mtandao wa sarafu nyingine kama hii, iliacha uchimbaji wa umeme Septemba 2022, na inaendelea kufanya kazi. Kweli kabisa, hongera kwa kusoma. Ila ukitazama vizuri, siku walipoacha kuchoma umeme waliacha pia kuuita uchimbaji. Pale mtu anaweka rehani sarafu zake mwenyewe alizokwisha kuzipata, na akifanya udanganyifu anakatwa. Mpwa wangu ameweka rehani nini? Kidole gumba.

Na wengine mnasema moyoni, huyu mzee ana wivu, treni ilimpita. Ilinipita, ndiyo. Mwaka 2011 nilisoma habari za Bitcoin, nikasema wazungu hawa hawana kazi, nikaenda kula chipsi mayai. Chipsi zile sijazijutia. Haya, twende kwenye pizza, maana bila pizza hamtaniruhusu nitoke.

Hadithi mnavyohadithiwa kwenye makundi ya WhatsApp: palikuwa na mjinga mmoja Marekani alinunua pizza mbili kwa sarafu 10,000, leo angekuwa bilionea, usiwe kama yeye, jiunge sasa, bofya hapa. Nikiisikia hivyo meno yananiuma.

Mjinga gani? Laszlo Hanyecz, wa Florida, ni mwandishi wa programu. Ni miongoni mwa wa kwanza kabisa kuchimba kwa kadi ya grafiki, zile za wacheza michezo ya kompyuta, badala ya prosesa ya kawaida, akawa anapata sarafu kwa maelfu kwa siku huku wengine wakipata kwa bloku. Ana gunia la vitu ambavyo hakuna duka linavipokea. Tarehe 18 Mei 2010 akatangaza: nani ataniletea pizza mbili kubwa nimpe sarafu 10,000? Akaeleza na vitu anavyotaka juu yake, vitunguu, pilipili hoho, soseji, uyoga, na akaomba asiletewe mambo ya samaki. Akangoja siku nne. Siku nne, jamani, watu wanaona tangazo hawahangaiki! Tarehe 22 kijana wa miaka 19 wa California, Jeremy Sturdivant, akampigia oda. Thamani yake dola 41 hivi.

Na hakuishia hapo. Aliendelea kununua pizza msimu mzima, mpaka Agosti akatangaza kwamba basi, hawezi tena, kwa sababu siku hizi hapati sarafu maelfu kwa siku. Wengine walikuwa wamewasha kadi zao pia, ugumu wa kukisia umepanda. Mnaona? Aliacha pale mkaa ulipopanda bei. Mtu anayejua hesabu zake ndivyo anavyofanya. Na yule Sturdivant naye alizitumia zile 10,000, hakuzikalia kama kuku. Kama kila mmoja mwaka 2010 angezikalia, leo hakuna mtu angezitaja. Pesa isiyonunua hata chakula cha jioni ni karatasi, na ile hata karatasi haikuwa.

Dakika ngapi? Tisa? Mwenyekiti, usinionyeshe vidole vyote, nimeviona.

Basi haraka. Maisha ya nyumbani. Ukifika 2011, sarafu imefikia dola moja Februari na kupita dola 30 Juni, watu wananunua kadi za grafiki mpaka madukani zinakwisha, na wacheza michezo wanalia. Wanazipanga kwenye kreti za plastiki za maziwa, hazina hata kifuniko, mbele yake feni kubwa ya chumbani. Nilisema feni, sikusema? Waliokaa nchi za baridi walipasha nyumba joto kwa mashine zao na kufurahia. Msimu wa joto ulipofika wakawa wanalala wanatokwa jasho, na mke anauliza bili. Novemba mwaka huohuo bei imeanguka kwenye dola 2, na bili ya umeme haikuanguka nayo.

Hata kabla ya hapo, aliyekuwa na prosesa ya kawaida tu alianza kukaa miezi bila kuona bloku. Ndipo mwishoni mwa 2010 Marek Palatinus wa Ucheki akaanzisha uchimbaji wa pamoja. Wavuvi mtanielewa: mnatoka wengi, anayepata samaki mkubwa haendi naye nyumbani, mnagawana kwa kadiri ya jasho la kila mmoja. Jambo hili lilistahili nusu saa. Nimelila kwa feni, nisameheni.

Kununua na kuuza. Walikutana kwenye vyumba vya gumzo, na kila aliyefanya biashara na mwenzake alimwandikia alama, huyu mwaminifu, huyu tapeli. Waliouza sarafu kwa PayPal walijifunza kwa machozi, maana mnunuzi alipokea sarafu kisha akaenda kudai pesa yake irudishwe, na sarafu haina wa kuirudisha. Wakakimbilia Mt. Gox, soko lililoanza kama mradi wa kubadilishana karata za mchezo. Juni 2011 likavamiwa na bei ikaonekana kushuka hadi senti moja. Watu wakarudi hapohapo! Februari 2014 likafungwa, likiwa limepoteza sarafu kama 850,000, ingawa 200,000 zilikuja kuonekana baadaye. Wateja wakaanza kulipwa kwa sarafu Julai 2024. Hesabu miaka.

Na upatu wa kitapeli. Mnadhani wenzetu wale, wataalamu wa hesabu, hawakucheza upatu? Trendon Shavers wa Texas aliwaahidi asilimia 7 kwa wiki. Kwa wiki! Laki moja ikikaa mwaka inakuwa zaidi ya milioni tatu. Walimpelekea angalau sarafu 700,000, wakafundishwa jambo ambalo sisi tulishafundishwa na ule upatu wa DECI. Sehemu hii nilikuwa nimeandika kurasa nne. Zikunjwe.

Nimeulizwa na mama mmoja kabla hatujaanza kama umeme huo si uharibifu. Mama, ni swali zuri na silimalizi leo. Ila kule Congo, hifadhi ya Virunga ilianza kuchimba mwaka 2020 kwa mtambo wa maji wa Luviro, kwa umeme ambao haukuwa na mnunuzi, ili walinzi wa wanyama wapate mishahara. Pale ukiuliza umeme analipa nani, kuna mto unaokujibu, na ukiingia kwenye kontena zao utasikia feni mpaka masikio yazibe.

Haya, mwenyekiti, nimekaa. Maswali. Kijana wa nyuma, wewe wa kutikisa kichwa, anza, lakini kwanza nipe hiyo simu niishike.