DX Goods: vali mbili, springi moja

SALMA: Karibuni tena. Leo ni DX Goods, kichwa cha treni ya mizigo cha John Ramsbottom, wa reli ya London and North Western huko Uingereza. Nimepanga mambo matatu: spea zinazobadilishana, vichwa 86 vilivyouzwa kwa reli jirani, na ukarabati wa Webb, aliyemrithi Ramsbottom. Ila kaka Kibwana kaja na boila lake kichwani.

KIBWANA: Dada, juzi mkaguzi kapima boila kazini, vali ya usalama, ile ya kutoa mvuke presha ikizidi, ikagoma mpaka presha ikapita alama. Vali yenyewe imepigwa lakiri, haikazwi ovyo. Zamani, kabla ya Ramsbottom, vali ilikandamizwa na wenzo wenye mizani ya springi na nati mwishoni. Treni ikielemewa mlimani, dereva anakaza nati. Presha inapanda, boila linapasuka, watu wanakufa.

SALMA: Yeye akafanyaje?

KIBWANA: Vali mbili kwenye nguzo mbili. Wenzo mmoja umelala juu ya zote, springi moja katikati inauvuta chini. Mkia wa wenzo unafika alipo dereva. Akiukandamiza, unaegemea vali ya karibu na kuilegeza ya mbali. Akiunyanyua, unaegemea ya mbali, ya karibu inalegea. Anaweza kujua kama vali imenata, lakini kuzikaza zote mbili hawezi.

SALMA: Springi ikikatika je?

KIBWANA: Wenzo unaruka, mvuke unamwagika. Ndiyo maana baadaye ziliongezwa pingu za chuma zilizolegea kidogo, ziuzuie. Na dosari nyingine: vali huanza kufuka mvuke mapema, halafu ikiinuka springi inavutika na kuwa ngumu zaidi, kwa hiyo presha hupanda kidogo kabla haijafunguka sawasawa.

SALMA: Haya, turudi kwenye DX. Vilianza kutoka karakana ya Crewe mwaka 1858. Magurudumu 6, yote ya kusukuma, kipenyo futi 5 na inchi 2. Silinda 2 ndani ya fremu, inchi 17 kwa 24. Presha ratili 120 kwa inchi ya mraba. Jumla vikaundwa 943.

KIBWANA: Na hizo ratili 120 zinalindwa na nani?

SALMA: Vali tena!

KIBWANA: Vali, dada.

SALMA: Mimi nasifu skrubu ya kugeuzia mwendo. Dereva anazungusha gurudumu la mkono, anapunguza mvuke unaoingia kwenye silinda kidogo kidogo, makaa yanadumu.

KIBWANA: Hapo sikubali. Hiki ni cha mizigo. Uwanjani kinapanga mabehewa, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Wenzo wa kugeuzia mwendo unauvuta mara moja. Skrubu unazungusha mpaka mkono unachoka, na mabehewa yanasubiri.

SALMA: Vali za silinda zile ni bapa, mvuke unazigandamiza. Ukiachia kitasa cha wenzo huo wakati regyuleta, ile ya kuruhusu mvuke utoke kwenye boila, iko wazi, wenzo unarudi kwa kishindo na kuvunja mkono. Skrubu inabaki pale ulipoiacha.

KIBWANA: Dereva mzoefu anafunga regyuleta kwanza.

SALMA: Usiku, mvua, bila kibanda? Vya mwanzo havikuwa na paa!

KIBWANA: Hata hivyo. Kazi ya uwanjani inataka wenzo.

SALMA: Na safari ndefu ya mizigo inataka skrubu. Sikuachii.

KIBWANA: Wala mimi.

SALMA: Fundi wa sauti anatuonyesha saa. Spea hatujazigusa, na vile vichwa 86 vya reli jirani ya Lancashire and Yorkshire vilivyoishia mahakamani hatuvifikii leo.

KIBWANA: Na Webb?

SALMA: Kwa kifupi: kuanzia 1881 alikarabati vichwa 500 hivi, akaviwekea maboila ya ratili 150 na breki za vakyumu, vikaitwa Special DX.

KIBWANA: Ratili 150! Kwa hiyo ile springi ya vali...

SALMA: Kibwana, muda.