Mnauliza: Kweli Mtu Analipwa Kusomea Habari za Safari za Zamani?

Haya ndugu zangu, karibuni tena. Kila nikifungua komenti nakuta swali lile lile: hivi kweli Uingereza wanamlipa mtu asomee uzamivu wa vitabu vya safari? Leo najibu, na nitataja hela. Sitaji ili nijionyeshe, wala silalamiki kwamba hazitoshi. Nataja kwa sababu watu wanapoteza nafasi kwa kutojua hesabu. Namna ya kutafuta chuo mnaijua, naruka.

Ndiyo, wanalipa. Posho ya UKRI, shirika la serikali ya Uingereza linalofadhili utafiti, kwa mwaka wa masomo 2025/26 ni pauni 20,780 nje ya London, haikatwi kodi. Ni kama 1,731 kwa mwezi. Ada nayo inalipwa, ila UKRI wanatoa kiwango cha mwenyeji tu. Tofauti ya ada ya mgeni hudaiwi wewe, chuo ndicho kinaibeba. Tena wageni hawatakiwi kuzidi asilimia 30 ya wanaochukuliwa. Ndiyo maana mlango ni mwembamba hata ukiwa na alama nzuri.

Kinachoumiza ni hela ya kabla ya posho. Viza ilikuwa pauni 524 mwaka 2025. Ada ya afya ni 776 kwa mwaka, na unalipa yote kwa mkupuo siku unayoomba viza. Kwa kozi ya miaka minne usizidishe mara nne ukaridhika: viza inaongezwa miezi minne baada ya kozi, na kipande hicho unatozwa nusu mwaka, 388. Jumla ya ada ya afya peke yake ni 3,492. Mwenzi na watoto, kila mmoja na yake. Vyuo vingine vinarudisha, vingine havirudishi. Uliza kwa barua pepe kabla hujakubali nafasi. Cheti cha kifua kikuu kinadumu miezi sita, kwa hiyo usikimbilie kupima mapema. Na posho haitoki mpaka ufike, usajiliwe, uwe na akaunti ya benki ya huku.

Sasa andiko la utafiti, lile unaloombea nafasi. "Historia ya maandishi ya safari Afrika Mashariki" linakufa ukurasa wa kwanza. Wanataka swali moja, na wajue nyaraka ziko wapi. Chukua David Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Kiskoti. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe, mji ulioko Kongo ya leo, karatasi zilimwishia, akaandika shajara juu ya gazeti kuukuu, mistari yake ikikatisha maandishi ya chapa, kwa wino wa matunda ya porini. Wino ukafifia hata usisomeke. Wataalamu wakazipiga picha karatasi kwa mianga ya aina nyingi, maneno yakarudi. Baadaye mwenyewe alinakili habari zile kwenye daftari kubwa, kisha rafiki yake Horace Waller akazihariri kuwa kitabu mwaka 1874. Habari ya mauaji ya watu sokoni Nyangwe, aliyoyashuhudia mwaka ule, hailingani kati ya gazeti na kitabu. Nini kilibadilishwa, hatua ipi, kwa nini? Hilo ni swali la uzamivu, na picha ziko intaneti bure. Unaanza ukiwa Kigoma.

Linaloniuma ni hili: waombaji wetu wanaacha maandishi ya Kiswahili wakidhani kamati inataka wasafiri wa Kizungu tu. Mwaka 1901 Carl Velten, mtaalamu Mjerumani wa Kiswahili, alichapisha Ujerumani masimulizi ya safari ya Waswahili wenyewe. Humo Selim bin Abakari, mtu wa Komoro, anaeleza safari ya Urusi na Siberia. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, aliandika maisha yake kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Kama unazisoma hati hizo, liseme hilo ukurasa wa kwanza kabisa, usilifiche kwenye wasifu. Kijerumani cha kusoma utakihitaji. Kitengee miezi kwenye ratiba.

Maombi mengi hufungwa karibu Januari kwa masomo ya Oktoba, kwa hiyo msimamizi awe ameshalisoma andiko lako kufikia Novemba. Hali ya mtu na mtu hazifanani: mwenye familia na asiye nayo hesabu zao ni mbali kabisa. Piga ya kwako.