Ngumi Inayosomeka

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wa kuchora na vijana wa kamera, nashukuru mmekuja, tena naona wengi mmepitiliza hapa moja kwa moja kutoka kazini.

Nianze na banda la video. Wa rika langu mnalikumbuka: kuta za mabati, mabenchi ya mirunda, televisheni moja juu ya meza, deki chini yake, na turubai jeusi mlangoni la kuzuia mwanga. Humo ndimo nilimosomea. Mikanda ilikuwa imenakiliwa mara nyingi hata rangi zimechujuka. Maandishi ya tafsiri chini ya kioo, Kichina na Kiingereza vimebanana, yasingesomeka hata na anayejua lugha hizo, na sisi hatukuzijua. Tulichokuwa nacho ni miili ya watu. Nani kasimama wapi, nani kamtupia nani jicho, mguu upi umetangulia, mlango uko upande gani. Kwa hayo tu tulimjua stelingi, tulimjua bosi wa majambazi, na msaliti tulimjua kabla hajasaliti.

Siku moja bibi yangu alikuja kunitoa. Ilikuwa zamu ya Police Story, picha ya Jackie Chan ya mwaka 1985, na tulikuwa tumefika lile duka kubwa la ghorofa. Bibi akaingia na fimbo yake, akanishika sikio, kisha akaganda. Kwenye kioo Jackie Chan aliruka kutoka ukingo wa ghorofa ya juu, akaudaka mlingoti uliozungushiwa taa, akateremka nao taa zikipasuka mikononi mwake, akapenya vioo na kutua sakafuni. Wakairudia mara ya pili, mara ya tatu, kila mara kamera imehamia mahali pengine. Bibi akaniachia sikio. Akauliza, "Huyu mtoto wa watu, mama yake anajua?" Akakaa kwenye benchi mpaka mwisho.

Swali la bibi nimelibeba maisha yangu yote, kwa sababu ni swali la mtu aliyeelewa kila kitu. Aliona urefu wa pale pa kurukia, aliona umbali wa mlingoti, aliona sakafu inamsubiri. Hakuna aliyemtafsiria. Ndiyo maana jioni hii nimekuja kutetea jambo moja: pigano zuri linasomeka. Asiyejua lugha, asiyesikia vizuri, aliyeingia katikati ya picha, wote wanaweza kulisoma.

Watengenezaji wa Hong Kong walifikaje hapo? Jackie Chan na mwenzake Sammo Hung hawakutoka shule ya uigizaji kama tunavyoifahamu leo. Walilelewa tangu utotoni katika shule ya opera ya Kichina ya mwalimu Yu Jim-yuen, shule ya sarakasi, kuimba na viboko. Opera ile inakwenda na ngoma na matoazi, na mwili wa mchezaji unafuata: pigo, kimya, pigo. Hicho kimya ndicho kinachompa mtazamaji nafasi ya kusoma. Mtu anapiga, anasimama nukta moja katika mkao wake, unamwona, halafu anaendelea. Kamera nayo inakaa mbali kidogo, kichwa hadi miguu, na wapiganaji wote wawili wamo. Mkato, yaani kuhama kutoka kipande kimoja cha picha kwenda kingine, haumfichi mtu. Unakuja kukupeleka mahali utakapoona vizuri zaidi.

Na wao walikuwa na wazee wao. Mwaka 1928, enzi za filamu bubu, Buster Keaton alisimama uwanjani na ukuta mzima wa nyumba ukamwangukia, akapona kwa kuwa dirisha lililo wazi lilipita pale pale alipokuwa amesimama. Kamera haikusogea wala haikukatwa. Mwaka 1923 Harold Lloyd alikuwa ameshaning'inia kwenye mshale wa saa ya jengo refu, na miaka 60 baadaye, katika Project A, Jackie Chan aliidaka saa yake na kuiachia, akapasua maturubai mawili kabla ya kufika chini. Ukoo huu haukuwahi kuhitaji maneno.

Sasa niseme linaloniuma. Miaka ya 2000 Hollywood iliingiwa na homa ya kamera ya kutikisika. Paul Greengrass, aliyetoka kwenye kutengeneza vipindi vya uchunguzi vya televisheni Uingereza, aliitumia katika filamu za Bourne, na mikononi mwake ilikuwa na sababu: alitaka ujisikie umebanwa ndani ya chumba na watu wawili wanaouana. Naiheshimu kazi ile. Waliomfuata wengi walichukua mtikisiko wakaacha sababu. Staa hajui kupigana, basi tikisa. Muda wa mazoezi hakuna, basi katakata. Katika Taken 3 kuna sehemu Liam Neeson anaruka uzio, uzio wa kawaida tu, na kuruka kwenyewe kumekatwa zaidi ya mara kumi ndani ya sekunde chache. Bibi yangu angeuliza, "Kwani kafanyaje?"

Vijana wa kuchora, msidhani nimewasahau. Komiki ilinifundisha hayo hayo kwa njia ngumu zaidi, kwa sababu kwenye karatasi hakuna kinachotembea. Mchoraji ana kisanduku kimoja, na ndani ya kisanduku hicho lazima uone ngumi ilikotoka na inakokwenda. Nilizipata komiki za Marekani kwa wauza vitabu vya mitumba waliotandika chini, nyingi hazina jalada. Mwalimu mmoja aliwahi kunichania moja mbele ya darasa, akisema ni uhuni. Niliokota vipande nikaviunga kwa gundi ya ugali, na katika kuviunga ndipo nilipoona jinsi kisanduku kimoja kinavyomkabidhi msomaji kwa kingine.

Mchukueni Jack Kirby. Alikulia Lower East Side ya New York, mtaa wa watoto wa wahamiaji waliokuwa wakitwangana barabarani, na alipochora mtu anarusha konde alijua uzito wa konde unaanzia wapi. Jalada la kwanza la Captain America, la Machi 1941, alilolitengeneza na Joe Simon, linamwonyesha shujaa akimtandika Hitler, miezi kadhaa kabla Marekani haijaingia vitani. Achaneni na siasa yake kidogo, tazameni nyonga. Tazameni mwili wote ulivyoifuata ngumi, na mwili wa anayepigwa unavyopepesuka kuelekea upande ule ule. Funika maneno yote kwa kiganja, bado habari imefika.

Na hapa kwetu tulikuwa na Sani, jarida la katuni. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge: uliwatambua kwa namna walivyosimama kabla hujasoma neno lolote. Zilikuwa katuni za vichekesho, lakini ustadi ni ule ule. Anayeweza kumfanya mlaghai aonekane mlaghai kwa mabega yake tu, huyo mpe upanga achore, hatakosea.

Filamu mbili zinaonyesha vizuri undugu wa kurasa na kamera. Ya kwanza ni Oldboy ya Korea Kusini, ya mwaka 2003, ya Park Chan-wook, iliyotokana na komiki ya Kijapani. Mtu mmoja mwenye nyundo yuko kwenye korido, mbele yake kundi zima. Kamera imewekwa ubavuni, kana kwamba ukuta mmoja wa korido umebomolewa, nayo inatambaa taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama jicho linavyotambaa kwenye mstari wa visanduku. Haikatwi. Walirudia mara 17 kwa siku 3 mpaka ikakubali, na uchovu mnaouona pale ni uchovu wa kweli. Stelingi ana kisu mgongoni, anahema, wanaompiga nao wanahema. Mimi pale nilijua kwa mara ya kwanza kwamba kuchoka nako ni tendo.

Ya pili ni Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015, na hii naomba mnivumilie nikae nayo, maana iko karibu na moyo wangu. Mwongozaji wake, George Miller, hakuanza na maandishi. Alimchukua Brendan McCarthy, mchoraji wa komiki wa Uingereza, wakaichora filamu nzima, michoro yapata 3,500, ikabandikwa kuzunguka kuta za chumba. Ulikuwa unaisoma filamu kwa kutembea. Kisha wakaenda jangwa la Namib, Namibia, mwaka 2012, na magari ya kweli yakakimbia kweli mchangani.

Mkihesabu vipande vilivyounganishwa mle, vinapita 2,000. Ndiyo, filamu ninayoisifia jioni hii imekatwa kuliko nyingi ninazozilaumu. Mbona inasomeka? Kwa sababu mpiga picha John Seale alikuwa na agizo moja: jambo kubwa la kila kipande liwe katikati ya fremu. Uso katikati. Bunduki katikati. Jicho lako halihami, kinachobadilika ni picha iliyo mbele yake. Margaret Sixel alikabidhiwa saa zipatazo 480 za picha akazikusanya kuwa saa mbili, na tuzo ya Oscar ya uhariri aliyopewa ilikuwa haki yake. Kwa hiyo msiende nyumbani mkisema mzungumzaji kakataza kukata. Kateni mtakavyo, mradi mjue jicho la mtazamaji mmeliacha wapi.

Nitawaudhi baadhi yenu sasa. Black Panther. Kirby na Stan Lee walimleta T'Challa, ndiye Black Panther mwenyewe, mwaka 1966 katika toleo la 52 la Fantastic Four, na filamu ya Ryan Coogler ya mwaka 2018 ilinitoa machozi. Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, yumo mle anapigana. Mapambano ya kwenye maporomoko ya maji ni mazuri, yana mduara, yana ukingo wa kuogopa, yana watu wanaotazama. Pambano la kasino ya Busan ni bora zaidi: kamera inapanda ghorofa na kushuka bila kukupoteza. Halafu tunafika mwisho, ndugu wawili, ugomvi mzito kuliko wote katika filamu za mashujaa za miaka ile, nao wanatupwa chini ya ardhi wakiwa miili ya kompyuta, weusi juu ya giza, hawana uzito. Mwili usio na uzito hauumii, na usioumia hatuwezi kuuhofia. Hadithi ile ilistahili watu wawili wa nyama na damu, na sakafu.

Kuna jambo kuhusu watafsiri wetu, wale wanaoisimulia picha kwa sauti huku inakwenda, ambalo sijasikia likisemwa. Marehemu Lufufu hapa Tanzania, DJ Afro Kenya, na wenzao wa Uganda, wanasifiwa kwa ulimi, na kweli ulimi wanao. Lakini jiulizeni walipata wapi nafasi ya kuongea. Waliipata katika kile kimya nilichokitaja, nukta baina ya pigo na pigo. Picha ya Hong Kong inamwachia mtafsiri mlango, anaingia, anasema lake, anatoka kabla teke halijatua. Picha ya kamera ya kutikisika haina mlango. Hata fundi wa maneno anabaki kupiga kelele pamoja nayo.

Mwongozaji Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, naye yumo katika jambo hilo hilo. Filamu yake Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010, ilitengenezwa kwa fedha ambayo haikufika dola 200, bunduki za vyuma chakavu, na sauti ya mtafsiri VJ Emmie imo ndani ya filamu yenyewe. Helikopta zake ni za kompyuta na zinaonekana hivyo. Lakini vijana wake wa kung-fu wanapopigana, unaona kichwa hadi miguu. Unajua nani kampiga nani. Kuna filamu za mamilioni ya dola zisizoweza kukupa hilo.

Na wale wanaoanguka kwa niaba ya mastaa? Chad Stahelski alikuwa mwili wa Keanu Reeves katika The Matrix, mwaka 1999, chini ya mwalimu Yuen Woo-ping. Mwaka 2014 akaja na John Wick akiwa mwongozaji, na tukaona tofauti ya filamu inayoongozwa na mtu ambaye mbavu zake zinaijua sakafu. Waandaaji wa Oscar walitangaza mwaka 2025 kwamba watatoa tuzo kwa kazi hiyo, kuanzia filamu za mwaka 2027. Keaton alisimama chini ya ukuta mwaka 1928. Hesabuni wenyewe.

Nimeongea vya kutosha. Kijana wa mashine, nakuomba uzime taa, na sauti uizime kabisa. Nimeleta ile korido ya Oldboy. Wachoraji, chukueni penseli. Wakati inakwenda, chagueni nukta sita tu ambazo mngezichora, na mtu ambaye hajaiona aelewe kilichotokea. Msinitazame mimi, tazameni miguu ya yule mwenye nyundo. Haya, iwashe.