Radhi ya baba: Liam wa Galway kabla hajawa mnyonya damu

Mbukwenyi! Haya, naona mmeitikia vizuri. Shikamoni wazee wangu mliokuja, na nyie vijana mliokubali kutoka na jua hili la Dodoma mchana kweupe kuja kukaa humu ndani, asanteni sana. Walioko nyuma kama feni zinapiga kelele mnyooshe mkono niongeze sauti.

Nianze na bibi yangu. Bibi alikuwa anatutisha na mumiani, usitoke usiku, usipokee pipi ya mtu usiyemjua, mumiani atakubeba. Hadithi hiyo haikuwa ya bibi peke yake, zama za mkoloni ilienea Afrika Mashariki nzima, watu wakasema gari la wazimamoto linapita usiku linakamata watu linawatoa damu, mpaka neno wazimamoto lenyewe likawa linamaanisha mnyonya damu. Sasa angalieni kitu kimoja ambacho mimi nilikuja kukiona ukubwani. Mumiani wa bibi hana mama. Hana baba, hana kwao, hajawahi kuwa mtoto akachapwa akalia. Ni gari tu na giza, basi. Na kwa sababu hana kwao hakuna mtu aliyewahi kujiuliza huyu mumiani alikuwaje akawa hivi.

Leo namleta mnyonya damu ambaye ana kwao. Wengi mnamjua kwa jina la Angel, kwenye ile sizoni ya Buffy the Vampire Slayer iliyoanza 1997, halafu akapewa sizoni yake mwenyewe kuanzia 1999 mpaka 2004. Wengine mlimwona kwenye CD, wengine kwenye flashi, haina shida. Watu wakimwongelea wanaanza pale alipong'atwa, au wanaanza pale alipolaaniwa akarudishiwa roho. Mimi nasema mmechelewa, anzeni nyumbani kwao.

Jina lake la nyumbani ni Liam. Alizaliwa 1727 Galway, mji wa bandari magharibi mwa Ireland, na baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, kitani na hariri. Naomba nikae hapa kidogo kwasababu hapa ndo penye utamu, na pia mimi mwenyewe ni mtoto wa muuza vitambaa, marehemu baba yangu aliuza vitambaa pale Majengo miaka mingi sana. Mzee wa vitambaa anajua thamani ya kila kitu kwa vidole viwili tu, anashika pindo anasugua hivi, anajua hii itapauka, hii itachanika, hii ni ya kudumu. Tatizo ni pale anapokuangalia wewe mwanae kwa macho yaleyale. Hajasema neno lakini unajua umeshapimwa na umepungua.

Baba yake Liam yeye alisema. Kuna episodi moja ya 2000 inaitwa The Prodigal, inaturudisha Galway mwaka 1753, Liam ana miaka 26, amerudi nyumbani asubuhi ananuka pombe, na mzee anamwambia usoni kwamba anaona aibu kumwita mwanae, kwamba ni mvivu na mhuni na hatakuja kuwa kitu zaidi ya hapo. Hilo neno hatakuja kuwa kitu, jamani, kila nyumba hapa Dodoma limewahi kutamkwa. Na Liam hakuwa mtu mbaya kiivyo, alikuwa mlevi, anapenda wanawake, hafanyi kazi, yani kijana wa kawaida ambaye ameshaambiwa mara nyingi kwamba ameharibika mpaka akaona bora aharibike vizuri. Siku yenyewe aliyokutana na Darla, mnyonya damu aliyekuja kumgeuza, alikuwa anawaza kwenda kuiba vyombo vya fedha vya baba yake.

Halafu kuna ile sehemu ya uchochoroni. Darla, mwanamke mzuri, mavazi ya kitajiri, amesimama peke yake gizani. Mnakumbuka Liam alimwambia nini? Hakumwambia nataka nguvu, wala nataka kuishi milele. Alimwambia hajawahi kwenda popote na siku zote ametamani kuuona ulimwengu. Darla akasema naweza kukuonyesha. Huo ndo mtego uliomkamata, mtoto wa mfanyabiashara ambaye kila hariri dukani kwao imetoka mbali na yeye hajavuka hata kile kizingiti cha mji. Ukimwita mtu bure kila siku usishangae akimfuata wa kwanza anayemwambia njoo.

Akafa, akazikwa, akafukuka. Na mahali pa kwanza alipokwenda ni nyumbani.

Sasa sisi ni watu wa hodi, hii sheria tutaielewa haraka kuliko wao walioitunga. Mnyonya damu kwenye hadithi zile hawezi kuingia kwenye nyumba ya mtu bila kukaribishwa, lazima mwenye nyumba aseme karibu. Liam kafika mlangoni, baba hayupo, aliyemwona ni mdogo wake wa kike anaitwa Kathy. Katoto kale kalikuwa kanampenda kaka yake kweli, kakamwona amerudi baada ya kuzikwa kakadhani amerudi kama malaika, kakasema karibu. Akakaua, akamuua na mama. Na lile jina alilokuja kulibeba miaka na miaka, Angelus, kwa Kilatini ni malaika. Yani kila aliyemwita jina lake kwa hofu, London, Romania, kokote, alikuwa anarudia neno la mtoto wa pale mlangoni. Mimi hiyo ikinijia usiku silali.

Baba akarudi akawakuta. Liam akamuua na yeye, akasimama katikati ya sebule akajisifu ameshinda. Na Darla, ambaye alishaishi kama mnyonya damu tangu 1609, mwanamke ambaye hakuwa na familia ya kumlilia alipokuwa anakufa kule Virginia, ndo akamfundisha. Kwa maneno yangu alimwambia hivi: wewe kumshinda baba yako kumechukua dakika chache tu, ila yeye kukushinda wewe kutachukua maisha na maisha, maana hawezi tena kukukubali, si hapa duniani wala kwingine. Na akaongeza kwamba kile tulichokuwa ndo kinachojenga kile tulichogeuka.

Kiswahili chetu kina neno kwa hilo ambalo Darla hakuwa nalo. Radhi. Liam amemuua mtu pekee ambaye alikuwa na radhi yake mkononi. Wengi wetu hapa mzazi akishafariki mmekosana bado tuna njia, tunakwenda kaburini, tunamwaga maji au pombe, tunawaita wazee wa ukoo wazungumze kwa niaba yetu, wengine wanaomba dua. Liam ukoo wote kaumaliza usiku mmoja. Hakubaki hata mjomba wa kumsemea.

Eeh, kuna dada amenyoosha mkono pale katikati, sema dada yangu... Sawa, kwa wasiosikia, anauliza, si ndani ya ile hadithi wanasema roho ya mtu inaondoka na linaloingia ni pepo tu, sasa iweje tuseme baba ndo kamjenga wakati Liam mwenyewe hayupo? Asante sana, hilo ni swali ambalo na mimi lilinisumbua muda mrefu.

Nakujibu kwa kumleta mwingine. Spike. Huyu alikuwa anaitwa William, London 1880, kijana mpole anaandika mashairi watu wanamcheka, anaishi na mama yake mgonjwa wa kifua kikuu, na mama yake anampenda na anasikiliza mashairi yake. William alivyogeuzwa na yeye akaenda nyumbani kwanza, kama Liam tu. Ila hakwenda kuua. Alimgeuza mama yake ili apone asimpoteze. Mama akaamka siye yule, akamtukana maneno machafu ambayo mtoto hatakiwi kuyasikia kwa mzazi, William akalazimika kumuua kwa mkono wake, na ilimuuma. Baada ya hapo huyo mtu kampenda Drusilla, mnyonya damu aliyemgeuza, zaidi ya miaka mia moja, anamlea, anambeba, kama alivyomlea mama. Dada yangu, pepo ni lilelile, damu ya ukoo mmoja wa wanyonya damu. Kama ingekuwa ni pepo tu wangefanana. Kilichotofautiana ni walikotoka.

Na angalia Angelus alichokuwa anakipenda. Wanyonya damu wengine wanaua wakashiba wakaondoka, yeye alikuwa anatafuta familia. Huyo Drusilla alikuwa binti wa London mcha Mungu, Angelus alianza kuwaua ndugu zake wote mpaka akili ikamruka, akamgeuza siku alipokuwa anakula kiapo cha utawa. York, Uingereza, mwaka 1764 aliingia na Darla nyumbani kwa mtu anaitwa Holtz, mwindaji aliyekuwa anawafukuza, wakamuua mke na mtoto mchanga, na binti mdogo Sarah wakamgeuza wakamwacha hai baba amkute. Holtz alimtoa mwanae mwenyewe nje kwenye jua. Nimeangalia hiyo sehemu mara nyingi na kila mara naona Galway ndani yake. Mtu aliyeumizwa sebuleni kwao akawa anazitafuta sebule za watu.

Mwaka 1898 Waroma, wale Wajipsi wa Romania, wakamrudishia roho baada ya yeye kumuua binti yao, wakaweka na sharti, akipata furaha ya kweli hata dakika moja roho inaondoka. Watu wanaongelea sana hapa, mimi napita haraka, ila niseme tu kwamba hiyo laana ilimkuta mtu ambaye tayari alishaambiwa hastahili kitu. Wengine wangepigana nayo. Yeye aliipokea kama mtu anayesikia sauti anayoijua.

Turudi kwenye ile episodi ya 2000, maana ina sehemu mbili, Galway ya zamani na Los Angeles ya leo. Kule Los Angeles kuna mzee polisi mstaafu, Trevor, baba yake Kate, dada polisi anayefahamiana na Angel, ameingia kwenye biashara mbaya, na Angel anafika mlangoni kumwokoa. Mzee anakataa kumkaribisha. Wabaya wako ndani tayari, Angel yuko kizingitini anasukuma hewa haiachii, anaona baba wa mtu anauawa mbele yake, na ghafla anaanguka ndani. Unajua kwanini aliweza kuingia? Kwa sababu mwenye nyumba amekufa, hakuna tena wa kumkataza. Nilivyoelewa hiyo ilinibidi nisimamishe video nitoke nje nikae barazani. Galway mtoto kasema karibu akafa. Los Angeles mzee kakataa kusema karibu akafa.

Sasa Connor. Wanyonya damu hawazai, ila Darla akashika mimba ya Angel, na Novemba 2001, usiku wa mvua, uchochoroni tena, akajichoma mwenyewe mti kifuani ili mtoto apone, yeye akawa vumbi na mtoto akabaki chini analia. Angel akamwokota. Mtu aliyeambiwa hatakuja kuwa kitu sasa ni baba. Akampa jina la kwao Ireland, Connor. Hakukaa naye sana, kuna utabiri wa uongo ulisema baba atamuua mwana, rafiki yake Wesley akaamini akamwiba mtoto kumwokoa, na mtoto akaishia mikononi mwa Holtz yuleyule wa York, ambaye pepo mmoja alimleta mpaka zama zetu, akapelekwa ulimwengu mwingine ambako miaka inakimbia, akarudi wiki chache baadaye ni kijana kamili aliyefundishwa kumchukia baba yake. Akamfungia Angel kwenye sanduku akamzamisha baharini miezi mitatu.

Alivyotoka, akamkabili mwanae. Sikilizeni vizuri, akamwambia nakupenda Connor, halafu akamwambia toka nyumbani kwangu. Mara ya kwanza nilikasirika, nikasema ni yule mzee wa vitambaa amerudi, anafukuza mtoto. Ila mzee wa Galway hakuwahi kusema lile neno la kwanza. Ilichukua karibu miaka 250 neno moja kuingia kwenye ile sentensi.

Baba yangu mimi alinisema sana pia, na siku za mwisho wake aliniita akanishika mkono akasema mwanangu nimekuachia radhi, basi, hakuongeza kitu akageukia ukutani akalala. Najua ile sentensi imenibeba vipi. Ndo maana huyu Liam siwezi kumwangalia kama sinema tu.

Mwaka 2003 Connor alikuwa ameshavunjika kabisa, amejifunga mabomu, hataki kuishi, haamini kuna mtu amewahi kumpenda. Angel akakubali kwenda kufanya kazi kwa maadui zake, na malipo yake yalikuwa mtoto apewe maisha mengine, baba mwingine, mama, ndugu, kumbukumbu za utoto mzuri, na yeye Angel afutwe. Katika watu wake hakuna anayekumbuka isipokuwa yeye.

Mwisho wa msimu ule wa 2003 Angel yuko nje usiku. Ndani kuna taa, kuna meza, kuna familia imekaa inamshangilia kijana, na kijana anacheka. Angel anamwangalia kupitia dirishani. Hapigi hodi.