Barua Inapovuka Mpaka wa Jimbo

Waheshimiwa wasikilizaji, sitarudia maelezo ya shauri la Marekani la International Shoe la mwaka 1945, kwa kuwa hakuna aliyefika hapa pasipo kujua kwamba kampuni ya jimbo jingine haishtakiwi katika jimbo ambalo haina uhusiano nalo wa kutosha. Mimi nitasema juu ya barua ambazo mwenye hataza, yaani haki ya pekee juu ya uvumbuzi, humwandikia mtu wa jimbo jingine akidai kwamba ameikiuka, na walionisikia nikizilalamikia barua hizi mara nyingi wataniwia radhi.

Mwaka 1998 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Shirikisho, ambayo husikiliza rufani za hataza kutoka Marekani nzima, iliamua shauri la Red Wing Shoe. Kampuni ya Louisiana iliwaandikia watengeneza viatu wa Minnesota ikidai kwamba wamekiuka hataza yake na ikiwataka wachukue leseni. Walipokwenda mahakama ya kwao kuomba itamke kwamba hawajakiuka kitu, waliambiwa kwamba haina mamlaka juu ya mwandishi, kwa kuwa mwenye hataza anapaswa kuwa huru kumjulisha mwingine haki zake bila kuhofia kuitwa mbali. Kumjulisha! Anayekuandikia kwamba umetwaa mali yake, kisha akakuwekea siku ya kujibu, amekujulisha au amekudai?

Sasa tazameni shauri la mwaka 2021, ambalo kampuni ya Trimble nayo iliomba mahakama ya kwao itamke kwamba haijakiuka kitu. Mdaiwa, PerDiemCo, ilikuwa kampuni ya Texas ambayo mmiliki wake, ofisa wake na mwajiriwa wake walikuwa mtu mmoja tu, mkazi wa Washington, D.C., aliyepanga ofisi katika mji wa Marshall, Texas, ambamo hakuwahi kukanyaga. Katika muda wa miezi mitatu alimwandikia na kumpigia Trimble, mwenye makao Sunnyvale, California, si chini ya mara 22, akiongeza hataza moja baada ya nyingine na kutishia kushtaki. Mahakama ya chini, ikiishika Red Wing, ililifuta shauri. Ya rufani ikalirudisha. Na ingefanyaje, ikiwa mtu asiyeijua hata ofisi yake mwenyewe ndiye analalamika kwamba California ni mbali?

Mtaniuliza: je, mvumbuzi maskini aliyeandika barua moja ya adabu avutwe mpaka upande wa pili wa nchi? Sivyo, kwa sababu baada ya kuuliza kama uhusiano upo, mahakama huuliza tena kama ni haki kumwita, na hapo ndipo unyonge wake unapopimwa. Ninachokataa ni kumfungia mlango aliyetishwa kabla mizani haijaguswa.

Shauri la Apple na Zipit la mwaka 2022 limetamka waziwazi kwamba Red Wing haikuweka kanuni ya namna hiyo, nami nimelipokea kwa furaha ya mtu aliyengoja miaka 24. Kuhusu TC Heartland ya mwaka 2017, ambayo ratiba yenu inasema nitaieleza, hiyo inahusu mahali pa kufungulia shauri wala si mamlaka juu ya mdaiwa, na mwenyekiti ameshanionyesha saa mara mbili.