Uzi laini: wapi pa kutoa wazo na jinsi ya kuanza skafu

Haya wapendwa karibuni tena, leo ni uzi laini, na kabla sijashika sindano tuanze na swali mnaloniuliza kila siku, nifume nini jamani, sina wazo. Fungua simu yako, nenda kwenye picha ulizopiga mwenyewe, na sio picha za kufuma, picha zako tu za kawaida. Hii yangu hapa ni ukuta uliobanduka rangi baada ya mvua, angalieni, kijivu kingi, kahawia kidogo, halafu pale kwenye ufa kuna kijani chembamba cha ukungu. Hiyo tayari ni skafu!

Sasa kata kipande cha boksi, zungushia uzi kwa kiasi kile kile unachokiona kwenye picha, mimi nimezungusha kijivu mara 12, kahawia mara 5, kijani mara 1 tu. Ukimaliza kipige picha halafu igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Mnaona hapa kahawia na kijivu vimefanana kabisa? Maana yake ukivaa, mtu wa mbali ataona rangi moja, kwa hiyo natafuta kahawia iliyokolea zaidi.

Tukija kwenye uzi wenyewe, usiupime kwa vidole, vidole vimezoea kazi, uweke shingoni dakika moja hivi, ukiwasha rudisha. Ulaini mwingi unatokana na unyoya kuwa mwembamba, sufu ya merino, aina ya kondoo, kwa kawaida haifiki mikroni 24, mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita, ile ya mazulia inavuka 30, ndio maana moja inajikunja ikigusa ngozi na nyingine inachoma. Na kwenye lebo hakikisheni namba ya mkupuo wa rangi, ile inayoandikwa dye lot, ni ile ile kwa mabonge yote, hii msiipuuze.

Halafu jambo ninalolishikilia sana: uzi ukiwa laini na wenye manyoya, acha mtindo uwe rahisi. Niliwahi kufuma misuko kwa mohea, ule uzi wa manyoya ya mbuzi, wiki mbili nzima, na msuko hata mmoja haukuonekana, manyoya yaliufunika wote. Leo tunafuma kitanzi cha kawaida kwenda na kurudi basi, pembeni hakujikunji na uzi unaonekana uzuri wake.

Fuma kipande cha majaribio, sindano milimita 5, kifue, kikauke, ndio upime. Najua mnapenda kuruka hapa, tafadhali msiruke, uzi laini ukilowa unatanuka. Changu katikati ya sentimita 10 kina vitanzi 16, nataka skafu ya upana wa sentimita 25, kwa hiyo naanza na vitanzi 40.

Wakati wa kuanzisha vitanzi shika sindano mbili kwa pamoja, ukimaliza chomoa moja, ukingo unabaki umelegea vizuri. Sasa sogeeni mwone hapa kwa karibu, ncha ya sindano inaingia kwenye kitanzi lakini imepita katikati ya nyuzi zenyewe, imeacha uzi mmoja nje, mnauona? Uzi laini haujasokotwa kwa nguvu ndio maana unagawanyika, rudi taratibu uuchukue wote. Ikikusumbua tumia sindano ya mbao yenye ncha butu kidogo, za chuma zinateleza mno. Ukikosea usivute kufumua safu nzima, hasa mohea, manyoya yanashikana mpaka uzi unakatika, we rudisha kitanzi kimoja kimoja.

Kubadilisha rangi, badilisha ukiwa upande ule ule kila mara, upande huo mstari unakuwa safi na vile vidoti vya rangi mbili vinakaa nyuma vyote.

Ikifika urefu unaoutaka funga vitanzi bila kukaza, mikia ya uzi iache kama sentimita 15 uichomeke ndani kwa sindano ya kushonea. Osha kwa maji ya uvuguvugu, usisugue maana itashikana iwe kama blanketi, wala usiikamue kwa kuizungusha, ikunje ndani ya taulo uikandamize. Na usianike kwenye kamba, uzito wa maji utaivuta irefuke, ilaze tu juu ya taulo lingine kavu, inyooshe pembe kwa mkono, iache hapo mpaka ikauke kabisa.