Mzee wa Fimbo na Vitendawili vya Bilbo

Haya jamani mliosimama nyuma sogeeni, viti vya mbele having'ati.

Leo tumwongelee Gandalf, yule mzee wa ndevu na fimbo kwenye The Hobbit, kitabu cha Tolkien cha 1937. Ningemwita mchawi ila huku kwetu ukitaja mchawi watu wanafunga madirisha, kwa hiyo mzee inatosha.

Wengi wanasema ni mwalimu. Sawa, kamfundisha nini Bilbo, yule hobiti, kijitu kifupi ambaye hadithi yenyewe ni yake? Anakwaruza alama mlangoni kwa mtu wa miaka 50 hivi aliyetulia na chai yake, kesho yake wanamiminika wageni 13, mbilikimo wa safari ya kutafuta hazina, wanakomba stoo nzima, kulivyokucha Bilbo huyo barabarani nao hata leso hana. Hapo somo liko wapi?

Labda moja. Njiani majitu matatu yalipotaka kuwapika hao mbilikimo, mzee alijificha akawa anaigiza sauti zao, yakagombana mpaka jua likachomoza yakageuka mawe. Na Bilbo yuko kichakani anasikia kila kitu. Hajaambiwa shika hili, hajaulizwa umeelewa.

Halafu ndo utamu sasa, Bilbo anapotezana na mzee na wenzake. Kule chini ya milima, giza totoro, Bilbo yuko peke yake na Gollum, kiumbe cha gizani kinachotaka kumla, wanashindana kwa nini? Vitendawili jamani! Kuna mpaka cha yai, sisi tunasema nyumba yangu haina mlango, wao kwao ni kasha lisilo na funguo, yai ni lilelile. Vikamwishia Bilbo akauliza mfukoni nina nini (ilikuwa pete), ambacho hata sio kitendawili, wa kwetu wangemwambia toa mji! Akashinda nacho.

Kwenye kuingia msituni mzee kawaacha, safari hii kaaga kabisa, na humo ndani Bilbo anawatungia buibui nyimbo za matusi papo hapo ili wamfukuze yeye wawaache wenzake, mnaona ile ya majitu imerudi? Kisha anawatorosha wenzake ndani ya mapipa. Mbele ya joka Smaug jina lake hataji, anajimwagia majigambo, mimi mshinda pete, mimi mpanda pipa, utadhani kazaliwa ngomani.

Wakati wa kurudi, akakiona kilima cha kwao kwa mbali, akasimama akaanza kughani shairi. Mzee akamgeukia kwa mshangao, akamwambia wewe sio hobiti yule niliyemjua. Kufika nyumbani wakakuta vitu vyake vinapigwa mnada, majirani walijua kashakufa.